Kashata ya kiwavi: protini za kirusi cha mdudu hutambuliwaje?

Shemeji yangu analima mahindi. Msimu uliopita walifika kijijini kwao watu wa majaribio, wakaomba kona moja ya shamba, wakanyunyizia dawa ya viwavijeshi. Dawa yenyewe ilikuwa na rangi ya maji ya udongo na haikuwa na ile harufu ya kukata pumzi aliyoizoea. Alipouliza ndani mna nini, akajibiwa kwa neno moja: virusi. Jua halijazama, akawa amenipigia simu.

"Shemeji, watu wameniwekea virusi kwenye chakula cha watoto. Wanasema eti protini zake zimeshatambuliwa, kwa hiyo nisiogope. Sasa protini zikitambuliwa ndiyo nini?"

Simlaumu. Neno virusi kwetu lina historia mbaya: Ukimwi, homa ya ini, korona. Na neno protini wengi tunalijua kwa maharage, dagaa na mabango ya kliniki ya watoto. Ukiyaweka maneno hayo mawili kwenye sentensi moja, mtu anabaki kama aliyesomewa hukumu kwa lugha ya kigeni. Nilimjibu kwa kifupi usiku ule, lakini jibu fupi lilizaa maswali marefu. Haya ndiyo majibu yenyewe, kwa mpangilio ambao ningependa ningeupata siku ile.

Tuanze na kirusi. Kirusi ni maelekezo ya urithi, yaani vinasaba, yaliyofungwa ndani ya kifurushi cha protini. Hakili, hakipumui, hakikui. Kikiwa nje ya seli ni kama barua iliyo kwenye bahasha, imelala mezani. Kikiingia kwenye seli inayokifaa, barua inafunguliwa na seli inaanza kutii yaliyoandikwa humo: tengeneza nakala zangu.

Hapa kuna mkanganyiko wa kwanza, na ndio uliomshika shemeji. Virusi *vinavyobebwa* na wadudu si sawa na virusi *vya* wadudu. Dengue na chikungunya vinabebwa na mbu, lakini vinaweza kuishi kwa mbu na kwa mtu pia. Chikungunya, kwa taarifa yako, ni neno la Kimakonde. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kwenye nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanzania. Jina lenyewe linaeleza mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Hicho ni kirusi chenye nyumba mbili. Kirusi kilichonyunyiziwa shambani kwa shemeji kina nyumba moja tu, nayo ni kiwavi. Ni cha ukoo unaoitwa bakulovirusi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya fimbo, kwa sababu ukikitazama kwa hadubini ya elektroni kinaonekana kama kijiti. Ukoo huu umekutwa kwa mamia ya aina za wadudu, wengi wao viwavi wa nondo na vipepeo, na mara nyingi kila kirusi kina viwavi wake wachache kinaowaweza.

Sasa protini. Protini ni mnyororo mrefu wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino. Viungo ni aina 20 tu, lakini ukibadili mpangilio wake unapata protini nyingine yenye umbo na kazi tofauti, kama vile herufi zile zile zinavyoandika "kata" na "taka". Maharage yana protini, nywele zako ni protini, na sumu ya nyoka ina protini ndani yake pia. Kwa hiyo kusema "kirusi kina protini" si sifa wala tishio.

Kirusi kinapoteka seli hutengeneza protini za makundi mawili. Fikiria nyumba inayojengwa. Kuna fundi, saidia fundi, na mama anayewapikia. Wote ni wa lazima, lakini nyumba ikiisha wanaondoka. Halafu kuna tofali, bati, mlango na kitasa, hivi vinabaki. Protini za kimuundo ni zile za kundi la pili, zinazobaki ndani ya kirusi kilichokamilika na kusafiri nacho kwenda kwa kiwavi mwingine. Kuzitambua ni kujibu swali hili: katika protini zote ambazo vinasaba vya kirusi vinaweza kuagiza, zipi ni tofali na zipi ni fundi?

Kwa bakulovirusi nyumba hiyo ni ya ajabu kidogo, na mfano mzuri kuliko wote niliowahi kuupata ni kashata ya karanga.

Kashata ni sukari iliyoganda, karanga zimezama ndani yake. Kirusi hiki, kikishamaliza kazi kwenye kiwavi, hujifungia ndani ya kijiwe cha protini iitwayo polihedrini. Hiyo ndiyo sukari. Kijiwe kina upana wa sehemu chache za elfu moja za milimita, na ndani yake zimo karanga nyingi, yaani virusi vyenyewe. Kila karanga ina ngozi yake nyembamba: huo ni utando wa mafuta uliochomekwa protini kadhaa. Ndani ya ngozi kuna punje, na mara nyingine punje kadhaa kwenye ngozi moja. Punje ndiyo ile fimbo: ala ya protini iliyosokotwa kama ukili, na ndani yake vinasaba vilivyokunjwa na kubanwa na protini nyingine ndogo sana.

Kashata hii ndiyo inayokaa shambani. Kiwavi akifa hulegea, ngozi yake inapasuka, na maji yenye vijiwe humwagikia majani. Kiwavi mmoja mkubwa anaweza kuacha vijiwe bilioni moja au zaidi. Vikiwa kivulini au ndani ya udongo vinaweza kudumu muda mrefu sana vikisubiri kiwavi mwenye njaa. Juani havidumu, na hilo tutalirudia.

Watu waliviona vijiwe hivi kabla ya kuvijua. Mwaka 1856, Maestri na Cornalia, wachunguzi wawili wa Italia waliokuwa wakihangaika na magonjwa ya viwavi wa hariri, walieleza vijiwe vinavyong'aa ndani ya viwavi wagonjwa. Kwa karibu karne nzima watu walibishana: kijiwe ndio ugonjwa, au ni uchafu wa ugonjwa? Mwaka 1947, mtafiti Gernot Bergold alitumia alkali hafifu, vijiwe vikayeyuka, na ndani yake akaona vijiti. Vijiti ndivyo vilivyobeba maambukizi. Kwa maneno yetu, alikuwa ameyeyusha sukari akazikuta karanga.

Na alkali inayotumika maabara hadi leo kwa kazi hiyo ni jamaa wa karibu wa jikoni kwetu: sodiamu kaboneti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya magadi. Yale yale yanayolainisha maharage na kuacha ukingo mweupe kwenye ziwa Magadi na ziwa Natron. Hii si bahati mbaya. Utumbo wa kiwavi una ukali wa magadi; kiwavi akila jani lenye kashata, sukari inayeyuka ndani ya utumbo wake na karanga zinaachiwa huru mahali zinapotakiwa. Aliye maabara anafanya kwenye chupa kile ambacho utumbo wa kiwavi umekuwa ukifanya tangu zamani.

Basi, kazi yenyewe huenda hivi. Unakusanya viwavi waliokufa kwa ugonjwa, na niamini, hiyo si kazi ya mtu mwenye kinyaa. Unawasaga, unachuja kwa kitambaa, unaosha kwa dawa ya aina ya sabuni, kisha unaweka kwenye mashine inayozungusha kwa kasi kubwa hadi vizito vizame na vyepesi vielee. Unapata vijiwe safi. Unavitia alkali kwa muda mfupi, unarudisha hali ya kawaida, kisha unazungusha tena, safari hii juu ya tabaka za maji ya sukari: chini mazito, juu mepesi. Virusi husimama kwenye tabaka linalolingana na uzito wake, vikaonekana kama mkanda mweupe ndani ya chupa. Mkanda huo ndio karanga zilizotoka kwenye kashata.

Hapa ndipo swali la shemeji linaanza kujibiwa. Una virusi safi, au unavyodhani ni safi. Unavichemsha na sabuni kali ili kila kitu kifumuke, na sasa una supu ya protini. Utajuaje zipo ngapi?

Unazipitisha kwenye jeli. Jeli ni kama Kariakoo siku ya kuamkia sikukuu. Mtoto anapenya kati ya miguu ya watu na kufika upande wa pili haraka. Mtu mwenye gunia kichwani anabaki nyuma akipiga kelele za "kaa pembeni". Sabuni ile imezipa protini zote chaji hasi, kwa hiyo umeme ukiwashwa zinakimbilia upande wa chanya, ndogo zikitangulia, kubwa zikichelewa. Ukizima umeme, kila aina imesimama mahali pake. Hazionekani, hivyo unazitia rangi, na mistari ya buluu inatokea.

Rangi hiyo inaitwa Coomassie, na kila nikiitaja lazima nisimame kidogo. Ilikuwa rangi ya sufu kabla wanasayansi hawajaanza kuitumia kwa protini miaka ya 1960, na jina lake la kibiashara linatokana na Kumasi, mji wa Waashanti katika Ghana ya leo, ulioingiwa na kuchomwa na jeshi la Uingereza mwaka 1874. Maabara nyingi duniani zinataja Kumasi kila siku bila kujua zinachotaja.

Tuendelee. Mistari ya kwenye jeli imezipa protini nyingi majina yake. VP39 ni protini ya kirusi yenye uzito wa takriban kilodaltoni 39, hicho kikiwa kipimo cha uzito wa molekuli. GP64 ina 64. P74 ina 74. Majina haya yanatisha kwenye karatasi lakini hayana siri, ni kama magunia yaliyoandikwa kilo kwa mkaa. VP39 ndiyo ukili wenyewe, protini kuu ya ile ala ya punje, na mstari wake huonekana mnene kwa sababu imo nyingi sana.

Tatizo ni kwamba uzito si kitambulisho. Magunia mawili ya kilo 39 yanaweza kuwa moja la mchele na jingine la saruji. Unaona mstari, lakini hujui ni zao la jeni gani, yaani la kipande gani cha vinasaba. Kwa miaka mingi watafiti walitegemea kingamwili: wanamchanja sungura protini za kirusi, damu yake inatengeneza kingamwili zinazozishika protini hizo, halafu kingamwili zile zinatumika kama mbwa wa kunusa kuonyesha mstari upi ni upi. Ni njia nzuri ila ni ya kwenda moja moja, na inataka uwe na fununu kabla.

Mambo mawili yalibadilisha kazi. La kwanza ni kusomwa kwa vinasaba. Mwaka 1994 watafiti wa Oxford walichapisha maandishi yote ya urithi ya bakulovirusi anayejulikana kuliko wote, wa kiwavi wa nondo wa Marekani aitwaye *Autographa californica*: jozi 133,894 za herufi, zenye jeni zipatazo 150 na ushei. Kuanzia hapo kulikuwa na daftari la wanafamilia. Huhitaji tena kukisia kirusi kinaweza kutengeneza protini gani. Unazisoma kwenye daftari.

La pili ni mizani. Kuna mashine inayopima uzito wa vipande vya protini kwa usahihi mkubwa mno, na waliobuni namna ya kuzirusha hewani molekuli kubwa bila kuzivunja, John Fenn na Koichi Tanaka, walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2002. Inafanyaje kazi? Nilijaribu kumweleza shemeji kwa methali, na naona ilimwingia.

Chukua methali ya kwenye kanga: HARAKAHARAKAHAINABARAKA. Kuna kimeng'enya kiitwacho tripsini ambacho hukata protini kila baada ya viungo viwili maalumu, ambavyo wanasayansi wanavifupisha kwa herufi K na R. Kata methali yetu kwa kanuni hiyo. Utapata HAR, AK, AHAR, AK, AHAINABAR, AK, na A iliyobaki pweke mwishoni. Sasa mpe mtu vipande hivyo kwenye kikapu, bila mpangilio, umwulize: vimetoka kwenye kanga ipi? AK haimsaidii, kwa sababu inaweza kutoka kwenye kanga elfu. Lakini AHAINABAR inatoka wapi kwingine? Kipande kimoja kirefu cha namna hiyo kinatosha karibu peke yake, na ukipata viwili au vitatu huna shaka tena. Mashine haisomi herufi moja kwa moja kama sisi; inapima uzito wa vipande, na zilizo bora zinavivunja zaidi na kupima tena. Kisha kompyuta inachukua daftari la jeni, inakata kila protini ya kwenye daftari kwa kanuni ile ile ya K na R, na kulinganisha.

Kwa njia hiyo huhitaji hata mstari kuonekana kwenye jeli. Unaweza kutia supu nzima. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walipochanganya njia kadhaa, za kingamwili na za mizani, orodha ya protini za kirusi kinachotoka ndani ya kijiwe ilifika 44. Arobaini na nne, ndani ya kitu ambacho mwanzoni watu walidhani ni fimbo iliyovikwa shuka.

Hapo ndipo wengi husimama. Orodha imetoka, tumemaliza. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, na ndipo neno "zimetambuliwa" linapotumika ovyo.

Nenda kwenye harusi yoyote ya mjini, simama mlangoni, orodhesha kila aliyemo ukumbini. Je, hao wote ni ndugu? Wapo waliozamia. Wapo wapishi, wapo wapiga picha, na yupo kijana aliyevaa suti nzuri kuliko bwana harusi ambaye hakuna anayemjua. Mashine ya mizani ni makini kiasi kwamba inaona kila aliyemo, mzamiaji pamoja na shangazi wa bibi harusi. Kirusi kimetoka ndani ya seli iliyojaa maelfu ya protini za kiwavi. Baadhi hunata juu yake, nyingine hufungiwa ndani kwa bahati mbaya. Nyingine za kiwavi, na hapa mambo yanakoroga, huenda zimechukuliwa kwa makusudi. Kwa hiyo jina kuonekana kwenye orodha ni ushahidi wa kuwepo ukumbini tu.

Mtafiti makini hutafuta mashahidi wengine. Shahidi mmoja ni kimeng'enya kinachokula protini: unakimwaga juu ya virusi vizima ambavyo havijapasuliwa. Kilichonata nje kinaliwa. Kilichomo ndani ya ngozi ya karanga kinapona. Shahidi wa pili ni chembe za dhahabu. Unazifunga kwenye kingamwili ya protini unayoitafuta, unatazama kwa hadubini ya elektroni, na vidoti vyeusi vinakuonyesha imekaa wapi: kwenye ngozi, kwenye ukili, au nje kabisa. Unaweza pia kumenya karanga, yaani kuondoa ngozi kwa sabuni laini na kupima ngozi peke yake na punje peke yake.

Shahidi mzito kuliko wote ni kung'oa. Unaifuta jeni moja kwenye vinasaba vya kirusi, unakiacha kijijenge, unatazama kinachoharibika. Hapa ndipo P74 ilipopata heshima yake. Mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba kirusi kisicho na P74 iliyo kamili kinajijenga vizuri, kinatengeneza kashata zake vizuri, lakini kiwavi akizila haugui. Ni nyumba iliyokamilika isipokuwa haina ufunguo. Na P74 imo kidogo sana kwenye kirusi. Kwenye jeli unaweza kuipita bila kuiona, wakati VP39 inakung'aria macho. Wingi na umuhimu havitembei pamoja, na anayetambua protini kwa kuangalia mistari minene tu atakuwa amehesabu matofali akasahau kitasa.

Baadaye P74 ilikutwa ina ndugu. Leo wanajulikana kama familia ya pif, yenye wanachama wasiopungua tisa, wengi wao wakikaa pamoja kwenye ngozi ya karanga kama kufuli lenye vipande vingi. Kazi yao ni kukifungulia kirusi seli za utumbo wa kiwavi. Wamo katika jeni takriban 38 ambazo zimekutwa kwa bakulovirusi wote waliosomwa, na ndiyo maana kilichojulikana kwa kiwavi wa California kinasaidia kumwelewa kirusi wa viwavijeshi wetu.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wanafunzi wa chuo. Kirusi hiki kina mavazi mawili. Kile cha ndani ya kashata kimevaa nguo za safari: ngozi yenye pif, tayari kwa utumbo. Lakini kikishaingia kwenye seli ya kwanza, vizazi vyake vya awali hutoka bila kashata, vimevaa utando vilivyouchukua kwenye seli, wenye protini nyingine kabisa. Kwa baadhi ya virusi hivi protini hiyo ni GP64. Hivyo ndivyo vinavyosambaa toka seli hadi seli ndani ya mwili wa kiwavi. Vinasaba ni vile vile, nguo tofauti. Ukisikia "protini za kimuundo za bakulovirusi", uliza kwanza: za vazi lipi? Na polihedrini, ambayo ni nyingi kuliko zote kwenye kijiwe, si ya kirusi chenyewe kwa maana kali. Ni sukari, si karanga.

Sasa turudi kwa hofu ya shemeji, kwa sababu orodha hii ya protini ndiyo inayoijibu.

Binadamu akila hindi lenye kashata hizi, zinafika kwenye tumbo lenye asidi, kinyume kabisa cha utumbo wa magadi unaotakiwa. Hata zikipasuka, pif zinatafuta kitasa cha seli za utumbo wa kiwavi, na kwetu kitasa hicho hakipo. Na hii si nadharia ya jana: mwaka 1973 watafiti nchini Marekani walipima kabichi zilizokuwa zinauzwa madukani wakazikuta na vijiwe vya kirusi cha viwavi wa kabichi, vilivyofika vyenyewe kutoka shambani. Watu walikuwa wanavila miaka yote na saladi zao.

Nitasema pia lile ambalo watu wa dawa wakati mwingine wanaliruka. Maabara, lile vazi la pili la kirusi linaweza kuingia kwenye seli za mamalia, zikiwemo za binadamu, zikiwa kwenye chupa. Linaingia, ila halizaliani. Maelekezo yake hayasomeki humo kama yanavyosomeka kwa kiwavi. Nadhani ni bora mkulima asikie hivi kuliko kuambiwa "hakiwezi kabisa kugusa" halafu siku moja asikie nusu ya habari kwa mtu mwingine.

Uvumi mwingine ni kwamba kirusi hiki kimetengenezwa maabara. Watu waliowahi kuona mlipuko mkubwa wa viwavijeshi wa Afrika watakumbuka kwamba kuelekea mwisho wake viwavi huanza kuonekana wamekufa kwenye ncha za nyasi, wananing'inia, weusi, wanavuja. Huyo ni kirusi wao wa asili, na katika miaka ya 2000 Tanzania ilifanya majaribio ya mashambani ya kumtumia mapema badala ya kumsubiri. Utengenezaji wa dawa yake kwa kawaida ni kulisha viwavi, kuwaambukiza, kuwakusanya na kuwasaga. Ni ufugaji kuliko ni maabara.

Na kuna kichekesho ndani ya hadithi hii. Kwa kuwa ilijulikana kwamba polihedrini ni sukari na si karanga, ilieleweka kwamba kirusi kinacholelewa kwenye seli ndani ya chupa kinaweza kuishi bila hiyo. Jeni yake ina nguvu ya kuagiza protini kwa wingi wa ajabu, basi mwaka 1983 watafiti wa Texas waliitoa, wakaweka mahali pake jeni ya binadamu, na seli za kiwavi zikaanza kutengeneza protini ya binadamu. Leo chanjo ya korona ya Novavax na chanjo ya mafua ya Flublok zinatengenezwa kwa njia hiyo. Na seli hizo zimetoka kwa mdudu gani? Viwavijeshi vamizi, yule yule aliyetua Afrika mwaka 2016, akafika Kenya na Tanzania mwaka 2017, na ambaye shemeji yangu amekuwa akimlaani kila msimu tangu hapo.

Nilipomwambia hilo alikaa kimya muda, akasema, "Kumbe ana faida mahali, ila si kwangu." Halafu akauliza la maana kuliko yote: mbona walinyunyizia jioni, na mbona kesho yake viwavi bado walikuwa wanakula?

Jioni ni kwa sababu jua huharibu vinasaba vilivyomo. Kashata inalinda karanga na mengi, lakini si na jua kali la saa saba mchana. Na kuhusu kula, dawa ya kemikali hugonga mishipa ya fahamu, kiwavi anadondoka mchana ule ule. Kirusi lazima kiliwe, kiyeyuke, kifungue mlango, kivae vazi la pili, kisambae. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, na mkubwa huchelewa zaidi kuliko mdogo, ndiyo maana dawa hii inafaa viwavi wakiwa bado wadogo. Nikamwambia asubiri, asipige kemikali juu yake.

Siku ya sita alinitumia picha. Jani la hindi, na kwenye ncha yake kiwavi amening'inia kichwa chini, amelegea kama soksi iliyolowa. Chini ya picha aliandika: "Shemeji, kashata hiyo."